Mazoezi ya ubongo au vidonge? Wazazi na mwalimu wauliza kuhusu watoto wasiotulia

Katika toleo hili tumeweka pamoja barua tatu zinazohusu jambo moja. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu swali lake linawasumbua wazazi wengi na linahusu fedha pamoja na afya ya mtoto.

Swali

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tanga. Mwanangu wa pili ana miaka 9 na yuko darasa la tatu. Tangu chekechea walimu wamekuwa wakinieleza kuwa hatulii, hamalizi kazi, hupoteza kalamu na madaftari kila wiki, na hujibu kabla swali halijaisha. Nyumbani ni hivyo hivyo: nikimtuma dukani kununua chumvi na sabuni, hurudi na kimoja tu, au hukutwa njiani akiwatazama mafundi wa pikipiki. Daktari bingwa aliyemwona mara mbili amesema mtoto ana upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi, yaani ADHD, na ameshauri aanze dawa ya methilifenideti. Mama mkwe wangu anasema tunataka kumzoesha mtoto madawa ya kulevya. Rafiki yangu naye amenielekeza kwenye kituo kinachouza mazoezi ya ubongo ya kompyuta, kwa ada inayolingana na karo ya muhula mzima. Wao wanasema mazoezi yao hutibu chanzo, ilhali dawa hutuliza dalili tu. Baba yake yuko tayari kulipa. Tuchague lipi?

Jibu

Mama, nianze na jibu lenyewe, kwa sababu huenda ada hiyo ikadaiwa kabla hujamaliza kusoma maelezo yangu: msilipe. Mtoto wa miaka 9 aliyepimwa na daktari bingwa, ambaye dalili zake zilianza mapema na zinaonekana nyumbani na darasani vilevile, ana matumaini makubwa zaidi ya kusaidiwa na dawa inayosimamiwa vizuri kuliko na mazoezi ya kompyuta. Lakini ningewaomba pia msiishie kwenye dawa, kwa kuwa kuna msaada wa tatu ambao barua yako haikuutaja, nao unawahusu ninyi wazazi na mwalimu wake kuliko unavyomhusu mtoto. Nitaueleza baada ya kuyapima hayo mawili mliyoambiwa mchague.

Dawa za kundi la methilifenideti si ngeni. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, aliyekuwa akiwahudumia watoto katika hospitali moja ya jimbo la Rhode Island nchini Marekani, aliwapa watoto 30 dawa iliyoitwa Benzedrine, na karibu nusu yao walibadilika sana katika masomo ndani ya siku chache. Methilifenideti yenyewe ilitengenezwa mwaka 1944 katika kampuni ya Ciba ya Uswisi, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuuzwa kwa jina la Ritalin. Kazi yake ni kuzifanya dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo chembe za ubongo hutumia kupashana habari, zibaki muda mrefu zaidi katika nafasi zilizo baina ya chembe hizo, hasa katika sehemu ya mbele ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia na kushikilia jambo moja hadi liishe. Mwaka 2018 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 133 ya dawa za tatizo hili, na ukahitimisha kwamba kwa watoto na vijana, ukipima nguvu ya dawa pamoja na madhara yake, methilifenideti ndiyo inayofaa kuanzwa nayo. Tahadhari iliyotolewa na watafiti hao hao ni kwamba ushahidi huo mzito unahusu miezi mitatu hivi ya mwanzo. Ushahidi wa miaka mingi ni mwembamba zaidi.

Hapo kituo chenu kimesema neno moja la kweli, kwamba dawa haiponyi. Kidonge cha kawaida cha methilifenideti huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi, na nguvu yake hudumu kama saa nne. Mtoto akikimeza baada ya chai saa moja asubuhi, mwalimu wa hesabu wa kipindi cha pili atamwona mtoto anayefuata maelezo ubaoni, lakini inapokaribia saa sita mchana mwalimu wa Kiswahili anaweza kumwona mtoto yule yule wa siku zote. Ndiyo maana madaktari wengine huongeza dozi ya mchana, au hutumia vidonge vinavyoyeyuka polepole pale vinapopatikana. Siku asipokunywa dawa, dalili hurudi. Kwa mtoto ambaye kila siku anaambiwa kuwa ni mzembe, hata hivyo, saa nne za kuweza kumaliza kazi aliyopewa si jambo dogo, na sikubaliani na wanaozibeza kwa kuziita kutuliza dalili tu.

Sasa tuyatazame mazoezi. Wazo lake lilikuwa zuri, na walioliasisi walikuwa wanasayansi makini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Torkel Klingberg na wenzake wa taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Sweden, waliona kwamba watoto wengi wenye ADHD hupata shida kushikilia mambo kichwani wakati wa kuyafanyia kazi, kwa mfano kukumbuka sehemu ya kwanza ya agizo wakati wanatekeleza ya pili. Wakajiuliza kama uwezo huo unaweza kuimarishwa kwa mazoezi. Mtoto huketi mbele ya kompyuta, vitaa vinawaka kimoja kimoja katika vyumba vya mraba, kisha anatakiwa kuvigusa kwa mpangilio ule ule au kwa kinyumenyume. Akipatia, mlolongo unarefushwa, akikosea, unafupishwa. Huendelea hivyo karibu kila siku kwa wiki tano. Mwaka 2005 walichapisha jaribio la watoto 53 wenye umri wa miaka 7 hadi 12, na matokeo yalitia moyo: watoto walizidi kuwa hodari katika vipimo vya kumbukumbu ya aina hiyo, na wazazi wakasema dalili zimepungua. Walimu wao, hata hivyo, hawakuona tofauti kama ile ya wazazi.

Tofauti hiyo kati ya mzazi na mwalimu ndiyo iliyokuja kuamua suala zima. Mzazi anajua kwamba mtoto yuko kwenye mazoezi, amejitolea muda na mara nyingi fedha, na anatamani kwa moyo wote kuona mabadiliko. Hadanganyi; anaona kile anachokitarajia. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1994, akina mama waliambiwa kwamba watoto wao wamepewa kinywaji chenye sukari nyingi, ingawa kwa kweli hapakuwa na sukari ndani yake, nao wakaripoti kwamba watoto wamechachamaa kuliko walivyoripoti akina mama walioambiwa kinywaji hakina sukari. (Na kwa kuwa watu wengi pia huilaumu sukari kwa utukutu: majaribio ya kitabibu hayakuona kwamba inausababisha, ingawa ipo sababu ya kuipunguza kwa ajili ya meno.) Kwa hiyo watafiti walipoanza kuhesabu tu maoni ya watu wasiojua mtoto yupi amefanya mazoezi na yupi hakufanya, faida ya mazoezi katika dalili za ADHD ilipungua karibu kutoweka. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulionyesha hivyo, na ule wa mwaka 2023, uliokusanya majaribio 36, ukafikia hitimisho la namna hiyo: kumbukumbu ile iliyofanyiwa mazoezi huongezeka kiasi, lakini umakini darasani, utulivu na maendeleo ya masomo havifuati kwa kiwango cha kumfaa mtoto. Kijana anayecheza bao kila jioni na wazee atakuwa fundi wa bao na atahesabu kete kwa haraka ya kushangaza, lakini hilo peke yake halitamfanya amalize insha yake.

Huenda kituo hicho kikawaambia kwamba Marekani imeidhinisha mchezo wa kompyuta kuwa tiba, na hilo ni kweli. Mwezi Juni 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo iliruhusu mchezo uitwao EndeavorRx utumike kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD, kwa cheti cha daktari. Lakini soma hadi mwisho. Katika jaribio kubwa lililotumika kuuombea ruhusa, lenye watoto 348, mchezo uliongeza alama katika kipimo cha umakini kinachofanywa kwa kompyuta, ilhali katika dalili walizoripoti wazazi haukuushinda mchezo mwingine wa kawaida waliopewa watoto wa kulinganishia. Mamlaka yenyewe ilisema mchezo huo uwe sehemu ya mpango mpana wa tiba, wala usichukue nafasi ya dawa. Nchi hiyo hiyo, mwaka 2016, kupitia tume yake inayosimamia haki katika biashara, iliifuatilia kampuni inayouza michezo ya Lumosity kwa kutangaza manufaa isiyoweza kuyathibitisha, yakiwemo ya watu wenye ADHD, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 2. Mwaka huo huo LearningRx, inayoendesha vituo vya mazoezi ya ubongo, nayo ilikubali kulipa dola 200,000 kwa madai ya namna hiyo. Nayataja haya kwa sababu maneno mliyoambiwa Tanga, kwamba mazoezi hutibu chanzo, hayana ushahidi popote. Chanzo cha ADHD kwa sehemu kubwa ni urithi. Hakuna kidonge wala mchezo unaokiondoa.

Kuna habari moja ya Afrika Mashariki ambayo mzazi anaweza kuisoma akaielewa vibaya. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya kichwani alikuwa bado na upungufu katika uwezo wa akili miaka miwili baadaye, na umakini ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoathirika. Watafiti wa Uganda wakishirikiana na wenzao wa Marekani waliwapa baadhi ya watoto wa aina hiyo mazoezi ya kompyuta, na wakaona nafuu katika baadhi ya vipimo vya akili. Ni kazi ya heshima, na inafaa iendelee. Lakini watoto hao waliumia ubongo kwa ugonjwa, tena katika mazingira ambayo wengi hawakuwa na msaada mwingine wowote, kwa hiyo matokeo yao hayawezi kutumiwa kumuuzia mazoezi mzazi wa mtoto mwenye ADHD ya kuzaliwa nayo. Kama mwanao aliwahi kulazwa kwa malaria kali yenye degedege au kupoteza fahamu, mwambie daktari, maana habari hiyo inaweza kubadilisha mpango wote.

Nije kwenye msaada wa tatu. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada unaojulikana kama MTA, uliohusisha watoto 579 wenye umri wa miaka 7 hadi 9. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne: dawa iliyosimamiwa kwa karibu, mafunzo ya tabia kwa wazazi, walimu na watoto, yote mawili kwa pamoja, na kundi lililoachwa lipate huduma ya kawaida mtaani. Baada ya miezi 14, makundi mawili yaliyopata dawa iliyosimamiwa kwa karibu yalikuwa mbele katika kupunguza dalili. Waliopata vyote viwili walitumia dozi ndogo kuliko wale wa dawa peke yake, na wazazi wao waliridhika zaidi. Na jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: karibu theluthi mbili ya watoto wa kundi la mtaani nao walikuwa wakipewa dawa, lakini hawakufikia nafuu ya wenzao, kwa sababu dozi zao hazikutafutwa kwa makini na hawakuonwa na daktari kila mwezi. Miaka mitatu baada ya utafiti kuanza, wakati kila familia ilikuwa imeshajichagulia njia yake, tofauti baina ya makundi zilikuwa zimetoweka. Ninachokisoma hapo ni kwamba kidonge bila ufuatiliaji ni nusu ya tiba, na kwamba tiba hii haimalizwi kwa muhula mmoja.

Mafunzo ya tabia ninayoyasema hayahitaji umeme. Mzazi hufundishwa kutoa agizo moja kwa wakati mmoja, akiwa karibu na mtoto na akimtazama usoni, na kumfanya alirudie kabla hajaondoka. Hufundishwa kusifu kile hasa kilichofanyika, papo hapo, badala ya kungoja ripoti ya muhula. Hufundishwa kutoa adhabu ndogo, inayojulikana mapema na isiyobadilika kwa hasira. Chukua mfano wa kadi ya siku. Kwenye kipande cha karatasi ngumu mnaandika mambo matatu tu: nimemaliza kazi ya hesabu, nimenyoosha mkono kabla ya kujibu, nimerudi na madaftari yote. Mwalimu huweka alama ya vema kila kipindi kinapoisha, kazi isiyochukua hata dakika moja. Jioni mtoto anakukabidhi kadi; akifikisha idadi mliyokubaliana, anachagua jambo dogo analolipenda, kama vile kwenda na baba kutazama mpira au kuamua chakula cha jioni. Idadi hiyo ianze chini kiasi kwamba ataipata siku ya kwanza kabisa. Mtoto ambaye hajawahi kufaulu kitu shuleni hawezi kuanza na lengo gumu. Na ukimtuma dukani, mwandikie chumvi na sabuni kwenye karatasi aishike mkononi. Hilo litamsaidia leo, wakati wiki tano za kugusa vitaa hazijulikani zitamsaidia lini.

Kuhusu hofu ya mama mkwe, naomba muipokee kwa heshima, kwa kuwa ina msingi. Methilifenideti ni dawa inayodhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na mtu mzima akiitumia vibaya inaweza kumdhuru. Lakini tafiti zilizowafuatilia watoto walioinywa kwa cheti cha daktari, kwa dozi ndogo ya mdomo, hazikuona kwamba wanaingia katika ulevi kuliko watoto wenye ADHD wasioinywa. ADHD yenyewe isiyosaidiwa ndiyo inayohusishwa na hatari hiyo katika ujana. Mwelezeni bibi hivyo, na kama ataweza, aende nanyi kliniki siku ya miadi amsikie daktari mwenyewe. Bibi akielewa, mtoto atameza dawa yake hata siku za likizo anapokuwa kwake, iwapo daktari ameagiza hivyo.

Madhara yapo na ni lazima muyajue. Hamu ya kula hupungua, hasa mchana, kwa hiyo mpeni uji mzito au chai na kitafunwa cha kushiba kabla ya kidonge, na chakula cha usiku kiwe cha kutosha. Usingizi unaweza kuchelewa ikiwa dozi ya mwisho imetolewa alasiri. Kuumwa kichwa au tumbo hutokea siku za mwanzo na mara nyingi hupita. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda kidogo, na kwa baadhi ya watoto wanaotumia dawa mfululizo kwa miaka, ongezeko la urefu hupungua kwa sentimita moja au mbili. Kabla ya kidonge cha kwanza, daktari apime uzito, urefu, mapigo na shinikizo la damu, na mumweleze kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana au kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia. Utaratibu wa Uingereza unataka uzito wa mtoto wa umri wa miaka 10 au chini upimwe kila miezi mitatu na urefu kila miezi sita. Mnaweza kufanya hivyo katika kituo cha afya chochote chenye mizani na kuandika katika daftari. Mtoto akipooza kihisia, akawa mkimya kuliko tabia yake, au akikosa usingizi wiki nzima, dozi huenda ni kubwa. Rudini kwa daktari badala ya kuacha kimya kimya.

Liko tatizo la upatikanaji. Shirika la Afya Duniani lilikataa maombi ya kuiingiza methilifenideti katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na hospitali nyingi katika nchi zetu hazina akiba yake. Ulizeni kabla ya kuanza kama itapatikana kila mwezi na kwa bei gani, na kama haitapatikana, muulizeni daktari kuhusu dawa nyingine kama atomoksetini, ambayo hufanya kazi polepole zaidi. Msiinunue kwa mtu anayeileta kwenye begi. Fedha ile ya karo ya muhula, mama, ikatumike kwa nauli za kliniki, kwa vidonge vya uhakika, na kama mtapata mwanasaikolojia wa watoto au mtaalamu wa idara ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa, kwa vikao vya kuwafundisha ninyi wawili.

Swali

Mwanangu wa kiume ana miaka 4, yuko PP1 hapa Mombasa. Mwalimu ametuambia tumtafutie dawa ya kumtuliza, na jirani ametuonyesha programu ya simu ya kufundisha umakini. Shangazi zake wanasema tumwache, atakua. Tufanyeje?

Jibu

Ndugu, kwa umri huo dawa si mahali pa kuanzia. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unataka watoto wa miaka 4 hadi kabla ya kutimiza 6 waanze na mafunzo ya malezi kwa wazazi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa nchi zisizo na wataalamu wengi unaiweka methilifenideti kwa watoto wa miaka 6 na kuendelea, baada ya njia nyingine kujaribiwa na mtaalamu kushauriwa. Mtoto wa miaka 4 anayekimbia kimbia anafanya kazi ya umri wake. Tazameni pia tarehe yake ya kuzaliwa: mdogo kuliko wote darasani mara nyingi hudhaniwa kuwa na ADHD kwa sababu tu analinganishwa na wenzake waliomzidi miezi kumi.

Programu ya simu iacheni. Kwa mtoto huyu simu inachukua muda wa kucheza uani na wa kulala, na usingizi ndio ningeuchunguza kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, ukiwemo wa mchana. Akilala saa tano usiku mbele ya televisheni na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya gari la shule, hatatulia, hata angekuwa mtoto mpole kuliko wote. Kama anakoroma sana au anaonekana kukata pumzi usingizini, apimwe koo na pua. Kama masikio yamewahi kutoa usaha, apimwe usikivu. Shangazi zake wanaweza kuwa sahihi kwamba atakua, ila msiache kumtazama: akifika miaka 6 na hali ikawa ile ile nyumbani, shuleni na madrasa, mpelekeni kwa daktari wa watoto.

Swali

Ninafundisha darasa la pili katika shule ya msingi mkoani Morogoro, wanafunzi zaidi ya 80 katika chumba kimoja. Wapo watatu au wanne ninaodhani wana tatizo hili. Hapa hakuna dawa wala kompyuta. Kilichopo ni fimbo. Mwalimu kama mimi anaweza kufanya nini?

Jibu

Mwalimu, unaweza kufanya mengi kuliko kompyuta. Kiboko humfanya mtoto huyu atulie kwa dakika chache kwa hofu, lakini hakimwongezei uwezo wa kujizuia, na kwa kuwa kosa lake linatokea mara nyingi kwa siku, ataishia kuchapwa kuliko mtoto yeyote na kuichukia shule. Mkalishe mbele, karibu na ubao na mbali na dirisha na mlango, katikati ya watoto watulivu. Taja jina lake kabla ya kutoa agizo, si baada yake. Mazoezi kumi ya hesabu mgawie matano kwanza, ukayasahihishe, ndipo umpe mengine. Mpe kazi ya halali ya kusimama: agawe madaftari, afute ubao, apeleke mahudhurio kwa mwalimu mkuu. Kadi ya siku niliyomweleza mama wa Tanga inawezekana hata katika darasa la wanafunzi 80 ikiwa ni ya mtoto mmoja au wawili kwa wakati mmoja, na ikiwa mzazi ameitwa na kukubali sehemu yake.

Naomba pia uwatazame wasichana. ADHD ya kuzubaa, isiyo na kelele, huwapata wavulana na wasichana, lakini msichana anayekaa nyuma akitazama nje bila kumsumbua mtu hupita darasa hadi darasa akiitwa mvivu. Wakati huo huo, anayezubaa ghafla kwa sekunde chache huku macho yamekodoa, asisikie hata akiguswa, kisha akaendelea kama hapakuwa na kitu, huenda ana aina ya kifafa; huyo apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa dawa za kifafa zinapatikana na ni tofauti kabisa na hizi tunazozizungumzia. Asiyeona ubao hugeuka kuwa msumbufu, vivyo hivyo asiyesikia vizuri, mwenye upungufu wa damu, na aliyekuja shule bila kula. Muulize pia mzazi kuhusu mambo yaliyotokea nyumbani, msiba, ugomvi au kuhama, maana mtoto mwenye hofu hawezi kusikiliza.

Ukiona wasiwasi unabaki, mwite mzazi faragha na umpe barua ya kupeleka kliniki. Daktari atakayempima mtoto huyo anahitaji kujua kwamba dalili zimedumu angalau miezi sita na zinaonekana katika mazingira zaidi ya mamoja, na wewe ndiye shahidi wa mazingira ya pili. Usiandike jina la ugonjwa. Andika ulichokiona: tangu muhula wa kwanza, katika vipindi vya asubuhi na vya mchana vilevile, husimama mara ngapi katika kipindi kimoja, humaliza kazi ngapi kati ya alizopewa, hugombana na wenzake wakati gani, anafanya vizuri somo lipi. Andika na uwezo wake pia, ili daktari amjue mtoto mzima. Kisha tia sahihi, weka tarehe, na ubaki na nakala, kwa sababu baada ya mwezi mmoja wa dawa au wa mafunzo kwa wazazi utaombwa uandike tena yale yale, nayo hiyo barua ya pili ndiyo itakayomwambia daktari kama aongeze dozi, aipunguze, au aiache.